Mhojiwa wa Mia na Kumi na Nne

Makala imetoka. Jana niliichapa mjini Kasese,
kwenye kibanda cha Bwambale, shilingi mia tatu ukurasa:
kurasa kumi na tisa, majedwali saba,
na mwishoni kabisa, kwenye shukrani, jina langu,
Mbabu.
Mimi ni Mbambu.

Leo napanda Kilembe kumsomea Kabugho.
Niliahidi. Siku ile, dole gumba likiwa bado na wino
wa fomu ya ridhaa, aliniuliza:
"Na mkishajua, mtarudi kuniambia?"
Nikasema ndiyo, upesi,
maana kaya zilikuwa mia moja na sitini na jua linashuka.

Kabla yangu wengine walishapita.
Wa udongo walichota bustani yake vijiko sita,
wakaenda nayo kutafuta shaba iliyosalia ya mgodi.
Wa lugha alikaa siku tatu jikoni na kinasa sauti,
sema tena, mama, polepole,
lile neno la theluji, nzururu,
na mnaitaje ikishayeyuka?
Wa barafu hawakuingia ndani. Walipanda na vijiti na kamba
kupima kilichobaki kule juu,
wakashuka midomo imebabuka,
wakanunua ndizi zake bila kuomba punguzo.

Mimi nilikuwa wa maswali. Themanini na mawili.
Swali la ishirini na saba: Mafuriko yalikupotezea nini?
Nyumba. Mifugo. Mazao. Kingine, taja.

Alitaja.
Nafasi ilikuwa fupi kuliko kidole,
nikaandika "mlango", ndilo lililoenea.
Alichosema ni kwamba Nyamwamba uliubeba mlango mzima
pamoja na alama za mkaa,
kimo cha mwanawe kila Krismasi, mstari juu ya mstari,
hadi mwaka mtoto alipokataa kusimamishwa.
Mwana jina lake Kule, na kweli yuko kule,
Arua, ana ndevu, ana deni la pikipiki.
Lakini yule aliyefika usawa wa komeo,
yule hana tena mahali pa kusimama.

Tumeketi. Nasoma, naitia katika lugha yetu,
na lugha inanipeleka njia za mzunguko.
Sampuli, nasema, ni kama kuonja chungu
kwa ncha ya mwiko.
"Kwa hiyo mimi ndiye ncha ya mwiko?"
Ndiyo, mama.
"Na chungu kilikuwa na chumvi?"
Hilo makala haisemi.

Wastani wa hasara, nasema,
ni kukusanya hasara ya kila mtu
kisha kuigawa sawa kwa wote.
Ananyamaza. Anamenya ndizi mbili, ya tatu anaiacha nusu.
"Mlango wangu mmemgawia nani?"

Namwonyesha alipo: jedwali la nne, mstari wa chini,
Kingine, sifuri nukta sita kwa mia.
Anaiweka karatasi mbali na macho, kisha karibu.
Huyu mwanamke alipima mtoto miaka kumi na mmoja,
mwezi uleule, ukuni uleule, miguu peku kila mara,
hakuruka hata mwaka wa vita,
na hakuna aliyemwuliza mbinu yake.

Namwambia kuhusu jina langu. Anacheka
hadi anashika ubavu. "Kumbe wewe nawe
wamekumega!"

Kisha anasogeza kigoda. Kalamu ninayo?
Ninayo. Pembeni mwa jedwali la nne, anasema, andika.
Mvule. Bawaba mbili, moja ililia.
Alama kumi na moja.
Ya saba imepinda, alikuwa na homa, hakusimama sawasawa.
Naandika kwa herufi ndogo, nageuza karatasi,
nafuata ukingo mpaka juu, nafasi inakwisha.
"Geuza nyuma," anasema. "Nyuma ni nyeupe."